Maswali ya Wasomaji: Delegeti, Matukio, na Nani Amemshika Nani

Toleo lililopita lilieleza violesura (interface), na barua zilizofuata zilielekea upande mmoja. Wasomaji wengi wanaojifunza lugha ya C# wanauelewa urithi na wanavielewa violesura, lakini wanapofika kwenye delegeti (delegate) na matukio (event), yaani njia ya objekti moja kuzitaarifu nyingine kwamba jambo limetokea, wanahisi kwamba wameingia katika somo jingine kabisa. Tumechagua barua sita, tumezifupisha, na tumezipanga ili jibu la mwanzo limsaidie msomaji kulielewa linalofuata.

Swali: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Kitabu ninachokitumia kinasema kwamba delegeti ni aina, kama klasi ilivyo aina. Ukurasa unaofuata kinasema delegeti huitwa, kama methodi. Baadaye kinasema delegeti mbili zinaweza kujumlishwa, kama namba. Naomba unieleze, ni kitu gani hasa?

Jibu: Ndugu msomaji, kitabu chako hakikukosea popote, ila kimetumia neno moja kwa vitu viwili ambavyo lazima vitenganishwe kwanza. Kuna aina ya delegeti, na kuna objekti ya delegeti. Tazama tangazo hili:

    delegate double Kanuni(double kiasi);

Mstari huu hautendi jambo lolote programu inapoendeshwa. Unaiarifu kompaila kwamba kuna aina mpya iitwayo Kanuni, na kwamba methodi yoyote inayopokea namba moja ya desimali na kurejesha namba ya desimali inaweza kuwekwa ndani ya kigeu cha aina hiyo. Kompaila huugeuza mstari huo kuwa klasi kamili, inayorithi klasi ya MulticastDelegate iliyomo katika maktaba ya .NET, na ndiyo maana kitabu chako kinaiita aina. Objekti nayo huzaliwa unapoandika hivi:

    Kanuni k = hesabu.Ongeza;
    double jibu = k(500);

Angalia kwamba katika mstari wa kwanza hakuna mabano baada ya jina la methodi. Mabano ni amri ya kutenda sasa hivi; bila mabano unaitaja methodi yenyewe, kama mtu anayeandika jina la fundi katika daftari bila kumwita aje kazini. Fundi ataitwa katika mstari wa pili, na huenda atakayemwita ni sehemu nyingine kabisa ya programu, isiyojua hata kidogo kwamba kuna objekti iitwayo hesabu. Naona kwamba wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu tangu siku ya kwanza wamezoea kuiona methodi kama kitu cha kutendwa, na hawajawahi kuiona kama thamani inayoweza kuhifadhiwa, kupitishwa kwa methodi nyingine, au kurejeshwa na methodi nyingine.

Ndani ya objekti ya delegeti mna mambo mawili: methodi itakayoitwa, na objekti ambayo methodi hiyo itafanya kazi juu yake. Katika mfano wetu, delegeti imeshika methodi ya Ongeza na pia imeishika objekti ya hesabu. Nakuomba uliweke jambo hili la pili moyoni, kwa kuwa barua ya mwisho katika ukurasa huu inalihusu moja kwa moja. Ikiwa methodi ni tuli, yaani ni mali ya klasi na si ya objekti fulani, basi nafasi ya objekti huachwa tupu. Hapo ndipo delegeti inapotofautiana na kielekezi cha funksheni cha lugha ya C, ambacho kimebeba anwani peke yake, na hivyo kumlazimu mwandishi wa programu apitishe data kwa njia ya pembeni, tena bila kompaila kumhakikishia kwamba data hiyo ni ya aina inayotakiwa.

Wazo hili halikuanza na C#. Anders Hejlsberg, aliyeongoza usanifu wa C#, hapo awali alikuwa msanifu mkuu wa Delphi katika kampuni ya Borland, na Delphi iliyotolewa mwaka 1995 tayari ilikuwa na vielekezi vya methodi vilivyobeba methodi pamoja na objekti yake. Mwaka 1998 Microsoft iliingiza delegeti katika Visual J++, bidhaa yake ya lugha ya Java, na kampuni ya Sun Microsystems iliyomiliki Java ilipinga vikali, ikisema kwamba klasi za ndani zinatosha kwa kazi hiyo. C# ilipotoka rasmi mwaka 2002, delegeti zilikuwamo tangu toleo la kwanza.

Kuhusu kujumlisha: objekti moja ya delegeti inaweza kubeba orodha ya methodi kadhaa. Ukijumlisha delegeti mbili hupati namba, unapata delegeti ya tatu yenye orodha ya zote mbili, na zile mbili za awali hubaki kama zilivyokuwa. Delegeti haibadiliki baada ya kuundwa, kama vile tungo za maandishi katika C# zisivyobadilika.

Swali: Ninaposoma programu za watu wengine, sioni wakitangaza delegeti zao. Naona Action na Func tu kila mahali. Je, neno delegate limepitwa na wakati?

Jibu: Halijapitwa na wakati, ila mahitaji yake yamepungua. Action na Func ni delegeti kama nyingine zote, zilizokwisha kutangazwa katika maktaba ili usirudie kazi hiyo. Action ni ya methodi isiyorejesha thamani. Func ni ya methodi inayorejesha, na aina ya mwisho kutajwa ndani ya alama zake za pembe ndiyo aina ya thamani inayorejeshwa. Aina yetu ya Kanuni ingeweza kuandikwa Func<double, double>. Tangaza delegeti yako mwenyewe pale ambapo jina lake litamsaidia msomaji kuelewa kusudi, au pale ambapo parameta inahitaji kupitishwa kwa ref au out, jambo ambalo Func na Action haziwezi kulieleza. Kumbuka pia kwamba delegeti mbili zenye umbo lilelile lakini majina tofauti ni aina mbili tofauti, na kompaila haitakubali uiweke moja katika kigeu cha nyingine hivihivi.

Swali: Nimefanya kazi ya kuandika programu kwa miaka mitatu. Siku moja, kwa kutaka kujua, nililifuta neno event mbele ya delegeti katika klasi yangu, nikaiendesha programu. Ilifanya kazi kama kawaida. Kama neno hili halibadilishi kitu, kwa nini lipo?

Jibu: Ulichokifanya ni jaribio zuri, na matokeo uliyoyaona ni ya kweli, ila umelitazama upande wa ndani wa klasi, ambako neno event halionekani kubadilisha kitu. Nguvu yake iko nje. Chukua klasi hii ya kipimajoto:

    public class Kipimajoto
    {
        public event Action<double> JotoLimebadilika;

        public void Pokea(double joto)
        {
            JotoLimebadilika?.Invoke(joto);
        }
    }

Tuseme kuna objekti tatu zinazosikiliza: skrini inayoonyesha joto, kengele inayolia joto linapozidi kiwango, na daftari linalohifadhi vipimo. Kila moja imejisajili kwa alama ya kujumlisha na sawa:

    kipimajoto.JotoLimebadilika += skrini.Onyesha;

Sasa lifute neno event, kisha mwandishi mwingine aje na kuandika alama ya sawa peke yake, kwa kusahau tu alama ya kujumlisha. Kompaila haitalalamika. Orodha nzima itafutwa, mahali pake pataingia msikilizaji mmoja, na kengele haitalia tena, wala hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea popote. Vibaya zaidi, msimbo wowote ulio nje ya kipimajoto utaweza kuandika kipimajoto.JotoLimebadilika(900), na kengele italia kwa joto ambalo kipimajoto hakikulipima. Kutangaza kwamba jambo limetokea ni haki ya yule ambaye jambo limetokea kwake, na delegeti ya wazi humpa haki hiyo kila mpita njia.

Rudisha neno event, na mlango huo unafungwa. Msimbo ulio nje ya klasi umebakiwa na ruhusa mbili tu, kujisajili na kujiondoa. Kuita, kufuta na kubadilisha orodha vyote vinakataliwa wakati wa kukompaili, kabla programu haijamfikia mtumiaji. Hata klasi inayomrithi Kipimajoto haiwezi kulitangaza tukio hilo moja kwa moja, na ndiyo maana waandishi wa .NET wana desturi ya kuweka methodi ya ulinzi (protected), yenye jina linaloanza na On, ambayo klasi rithi huiita au kuibadilisha.

Msomaji anayezijua sifa (property) za C# ataona ufanano. Kama sifa inavyokilinda kigeu kwa get na set, ndivyo tukio linavyoilinda delegeti kwa add na remove, na usipoziandika hizo mbili mwenyewe kompaila hukuandikia. Kwa sababu hiyohiyo kiolesura kinaweza kudai tukio, ilhali hakiwezi kudai kigeu. Tena add inayoandikwa na kompaila ina kinga ambayo kigeu cha wazi hakina. Kwa kuwa delegeti haibadiliki, kujisajili ni kusoma orodha ya zamani, kuunda mpya, na kuiweka mpya mahali pa ile ya zamani. Nyuzi mbili za utekelezaji (thread), yaani njia mbili za programu ileile zinazotenda sambamba, zikifanya hivyo kwa wakati mmoja, msajili mmoja anaweza kupotea bila dalili. Kinga hiyo inaulinda usajili tu. Haizilindi kazi ambazo wasikilizaji wanazifanya wakishaitwa.

Neno moja kuhusu ile alama ya kuuliza na nukta. Tukio lisilo na msikilizaji lina thamani ya null, yaani tupu, na kuliita huangusha programu. Kabla ya C# 6 ya mwaka 2015 tulinakili delegeti katika kigeu cha ndani, tukakagua kama ni null, ndipo tukaita. Kwani uzi mwingine ungeweza kumwondoa msikilizaji wa mwisho katikati ya ukaguzi na wito. Alama hii mpya hufanya kazi ileile kwa kuisoma delegeti mara moja tu. Hata hivyo, msikilizaji aliyejiondoa sekunde hiyohiyo anaweza kuitwa kwa mara ya mwisho, na anapaswa kuandikwa kwa namna itakayoustahimili wito huo.

Swali: Tukio letu lina wasikilizaji watatu. Wa pili aliporusha hitilafu, wa tatu hakuitwa kabisa. Nilidhani kila msikilizaji hupokea ujumbe wake peke yake. Pia, delegeti ikiwa na methodi tatu zinazorejesha thamani, napata ipi?

Jibu: Swali la pili ni fupi: unapata thamani ya methodi ya mwisho katika orodha, na nyingine hupotea. Kwa maoni yangu tukio lisirejeshe thamani kamwe. Ukihitaji jibu kutoka kwa msikilizaji, pitisha objekti ya taarifa ambayo anaweza kuandika ndani yake, kama madirisha yanavyofanya yanapowauliza wasikilizaji kama kufungwa kwa dirisha kusitishwe.

Swali la kwanza linatokana na picha ambayo wengi wetu tumeibeba, kwamba tukio ni barua inayopelekwa posta na mtumaji akaendelea na shughuli zake. Tukio la C# si barua. Ni wito wa kawaida wa methodi, mmoja baada ya mwingine kwa mfuatano wa usajili, katika uzi uleule wa mtangazaji, na mtangazaji husubiri hadi wa mwisho amalize. Msikilizaji mmoja akilala sekunde tano, kipimajoto chote kimelala sekunde tano. Akirusha hitilafu, hitilafu hiyo humrudia mtangazaji, na waliobaki katika orodha hawafikiwi.

Ikiwa ni lazima wote wafikiwe, iombe delegeti orodha yake kwa GetInvocationList, kisha uwaite mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya try yake (sehemu ya msimbo inayonasa hitilafu), na ukusanye hitilafu ili ziripotiwe mwishoni. Usizimeze kimya kimya. Tahadhari moja zaidi: msikilizaji aliyeandikwa kama async void, yaani methodi inayoweza kusimama kwenye neno await na kuendelea baadaye, humrudia mtangazaji anapofika kwenye await ya kwanza inayolazimika kusubiri, na hitilafu itakayotokea baada ya hapo haitaingia katika try ya mtangazaji, inaweza kuiangusha programu nzima. Msikilizaji wa namna hiyo ni lazima azidhibiti hitilafu zake ndani yake mwenyewe.

Swali: Mimi natumia Java na Python kidogo. Je, haya yote yananihusu?

Jibu: Wazo linakuhusu, sura yake ndiyo inayobadilika. Katika Java, msikilizaji ni objekti inayotimiza kiolesura, kama ActionListener yenye methodi moja ya actionPerformed, na tangu Java 8 ya mwaka 2014 kiolesura chenye methodi moja kinaweza kutimizwa kwa lambda, yaani methodi fupi isiyo na jina, kwa hiyo umbali kati ya lugha hizi mbili umepungua sana. Katika Python, ukitaja methodi ya objekti bila mabano unapata thamani iliyoibeba objekti hiyo, karibu sawa na delegeti, ila bila kompaila ya kukagua umbo lake. Ukihamia JavaScript uwe macho: methodi iliyochomolewa kutoka kwa objekti yake haiikumbuki objekti hiyo, mpaka uifunge nayo kwa bind.

Swali: Programu yetu ina dirisha la ripoti ambalo watumiaji hulifungua na kulifunga mara nyingi kwa siku. Kumbukumbu inayotumika huongezeka tu, na jioni programu huwa nzito mno. Tunajua kwamba .NET husafisha kumbukumbu yenyewe. Tumekosea wapi?

Jibu: Siwezi kuthibitisha bila kuiona programu, lakini jambo la kwanza ambalo ningelikagua ni mstari ndani ya dirisha la ripoti wenye alama ya kujumlisha na sawa, unaolisajili dirisha hilo kwa tukio la objekti inayoishi muda mrefu kuliko dirisha lenyewe. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kulifanya kosa hili, na nililitafuta kwa siku kadhaa mahali ambapo halikuwapo.

Rudi kwenye jibu la barua ya kwanza. Delegeti hushika methodi pamoja na objekti yake. Dirisha linapojisajili kwa tukio la, tuseme, objekti inayosimamia data ya programu nzima, delegeti inayowekwa katika orodha ya msimamizi huyo inalishika dirisha. Katika maandishi, dirisha ndilo linalomtaja msimamizi, na jicho hutwambia kwamba dirisha ndilo lililomshika. Mshiko uliotengenezwa na mstari huo uko kinyume: msikilizaji ameshikwa na mtangazaji. Mtumiaji analifunga dirisha, linatoweka kwenye skrini, lakini mkusanyaji taka wa .NET huachilia tu objekti ambazo hazifikiki kutoka popote, na dirisha hili bado linafikika kupitia orodha ya msimamizi. Linabaki na kila kitu lilichokishika: majedwali, picha, ripoti nzima. Likifunguliwa mara hamsini, yanabaki madirisha hamsini, na kila data inapobadilika yote hamsini yanaitwa na kufanya hesabu ambazo hakuna atakayeziona. Ndiyo maana programu yenu haiishii kujaa tu, inakuwa nzito pia.

Tiba ni kujiondoa wakati dirisha linapofungwa:

    msimamizi.DataImebadilika -= Sasisha;

Wengine huuliza jinsi mstari huu unavyofanya kazi, ikiwa kuitaja methodi huunda objekti mpya ya delegeti kila mara. Hufanya kazi kwa kuwa delegeti mbili huhesabiwa kuwa sawa zikiwa na methodi ileile na objekti ileile. Kila mstari wa kujiondoa humtoa mmoja tu, kwa hiyo dirisha lililojisajili mara mbili kwa bahati mbaya litabaki limesajiliwa mara moja.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye lambda. Ukijisajili kwa lambda, kisha ukajaribu kujiondoa kwa kuiandika lambda hiyohiyo herufi kwa herufi, hutaondoa kitu, kwa sababu kompaila huzitengenezea methodi mbili tofauti, na kujiondoa kusikofanikiwa hakutoi hitilafu yoyote. Ukitaka kuja kuiondoa, ihifadhi lambda katika kigeu cha klasi na ukitumie kigeu hicho pande zote mbili.

Kagueni pia matukio tuli. Tukio tuli halina objekti ya kufa nayo, hivyo msikilizaji wake hubaki hadi programu izimwe, isipokuwa amejiondoa mwenyewe. Pale ambapo haiwezekani kujua ni lini msikilizaji anamaliza kazi yake, WPF, maktaba ya .NET ya kutengeneza madirisha, ina klasi ya WeakEventManager, ambayo humsajili msikilizaji kwa mshiko dhaifu usiomzuia mkusanyaji taka. Mimi huitumia pale tu ambapo njia ya wazi imeshindikana, kwa kuwa inaficha swali ambalo mwandishi angepaswa kulijibu mwenyewe: uhai wa objekti hii unaishia wapi?

Msianze, hata hivyo, kuondoa kila usajili katika programu nzima. Kitufe kilicho ndani ya dirisha, ambacho tukio lake linasikilizwa na dirisha hilohilo, hakina madhara: kitufe kinalishika dirisha na dirisha linakishika kitufe, lakini hakuna kitu cha nje kinachovishika viwili hivyo, na mkusanyaji taka wa .NET huondoa vyote kwa pamoja. Tafuteni kwanza matukio ambayo mtangazaji wake anaishi kuliko msikilizaji. Katika programu ya ukubwa wa kawaida huwa ni machache, na kifaa cha kukagua kumbukumbu kilichomo katika Visual Studio kitawaonyesha ni objekti ipi inayoyashika madirisha yenu baada ya kufungwa.